Impela mpya na mashine bado inachemka?
Wakuu wa Kibirizi na Ujiji huko Kigoma mnaotumia mashine za boti za zamani, ukifungua mguu (sehemu ya chini ya mashine inayozama majini) kubadili impela ya pampu ya maji, yaani kile kigurudumu cha raba chenye mapanga kinachosukuma maji ya kupoza mashine, usikimbilie kupachika mpya, kwanza angalia mapanga ya ile ya zamani, kama kuna panga limekatika tafuta kipande kwenye bomba la kupandisha maji, kikibaki humo kinaziba na mashine itachemka vilevile. Hii watu wengi wanairuka kabisa. Halafu paka impela mpya maji ya sabuni, hakikisha kii (kichuma kidogo kinachoishika impela kwenye shafti) imekaa, shusha kava la pampu huku unazungusha shafti kulia, kama mshale wa saa, ukiangalia toka juu ili mapanga yalale upande mmoja. Kava lenye michirizi ndani badilisha nalo. Na jamani msiwashe mashine nchi kavu bila maji, raba inaungua chap!