Klachi ya Beetle: pima pedeli kabla hujashusha injini

Wengi wanaoniletea Volkswagen Beetle wameshaambiwa kwingine kuwa klachi imekwisha. Mara nyingi kilichoharibika ni urekebishaji tu wa waya unaounganisha pedeli na klachi, na huo unaumaliza mwenyewe kwa saa moja.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa. Yako mawili na dawa zake zinapingana. Klachi inayoteleza: mlimani injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo. Klachi isiyokata: umekanyaga mpaka chini, gia bado zinasaga. Hii ya pili ijaribu kwa rivasi. Injini ikiunguruma taratibu, kanyaga klachi, hesabu hadi nne, ingiza gia. Ikikwaruza, haikati.

Hatua ya 2: Pima. Simamisha rula kando ya pedeli, kisha isukume kwa mkono. Mguu una nguvu mno, hautahisi kitu. Mwanzoni pedeli inakwenda kirahisi, halafu inakuwa nzito ghafla. Huo mwendo wa kirahisi ndio nafasi ya pedeli, na iwe milimita 10 hadi 20.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanadhani klachi pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, ikilika, pedeli inalegea. La, nafasi inapungua. Ikiisha kabisa, rilizi beringi (beringi inayosukumwa ukikanyaga pedeli) inaegemea presha pleti (inayoibana klachi pleti) muda wote, klachi pleti haibanwi sawasawa, inateleza na kuungua. Kinachoongeza nafasi ni waya kuvutika, na hapo klachi haikati.

Hatua ya 3: Inua. Weka kabari magurudumu ya mbele, inua nyuma kushoto, weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Toa tairi. Ubavuni mwa gia boksi utaona mkono wa klachi, na ncha ya waya ina nati yenye masikio mawili. Beetle za zamani zaidi zina nati mbili, moja ya kufungia nyingine.

Hatua ya 4: Rekebisha. Piga brashi ya chuma kwenye nyuzi za skrubu na uzipake grisi. Shika ncha ya waya kwa plaizi isizunguke. Kukaza nati kunapunguza nafasi, kulegeza kunaongeza. Nenda nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, na kila mara hakikisha masikio yamekaa kwenye vishimo vyake. Kanyaga pedeli mara tano sita, upime tena.

Mzee mmoja alikuja na klachi pleti mpya mkononi. Pedeli yake haikuwa hata na milimita 3. Tulilegeza nati mpaka 15, tukapanda naye mlima, gari likavuta. Pleti akarudi nayo nyumbani.

Ikigoma. Nyuzi za nati zimekwisha na pedeli bado imelegea? Badilisha waya. Pedeli inazidi kuwa nzito? Waya unakatika uzi mmoja mmoja, ubadilishe kabla haujakuacha njiani. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, tazama bomba linalopitisha waya kuelekea gia boksi: lazima liwe limepinda kwenda chini milimita 25 hadi 45, na likinyooka huongezwa washa (viduara vya chuma) kwenye ncha yake. Nafasi iko sawa na klachi bado inateleza? Pleti imelika au imelowa mafuta ya sili inayovuja. Hapo sasa shusha injini.