Droni ndogo iende mbali kiasi gani?

Boksi la droni yangu limeandikwa kilomita 10. Hiyo ni nguvu ya mawimbi ya redio tu, si ruhusa. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinataka uione droni kwa macho muda wote, na isipite futi 400 juu ya ardhi. (Usajili wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwanza, hilo halina mjadala.)

Mimi hupima macho yangu hivi, huku Kilifi. Naipeleka polepole, kila mita 100 naisimamisha na kujiuliza pua imeelekea wapi, bila kutazama skrini. Ya gramu 249 hunipotea kabla ya mita 500, na kukiwa na mawingu meupe, mapema zaidi. Nikishindwa kujibu, napunguza umbali kwa mita 100, na hapo ndipo naweka kikomo kwenye programu.

Miwani ya video siivai kwa safari hizi. Inakuonyesha mbele tu. Mwewe akija ubavuni humwoni.

Wakati wa kusi, anza kwa kwenda dhidi ya upepo, ili wakati wa kurudi ukusaidie. Betri ikifika asilimia 40, geuza.