Kupachika ramani ya zamani ya Laikipia kwenye QGIS

Juzi nilikaa na kijana wa Dol Dol aliyetafuta kisima alichonyweshea nyanya yake ng'ombe kabla ua wa ranchi haujapita hapo. Kwenye ramani kipo: nukta ya buluu. Kazi ni kujua iko wapi leo, kwa kutumia QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kusoma ramani.

1. Skani. Tumia skana kubwa, dpi 400, karatasi nzima pamoja na maandishi ya pembeni. Picha ya simu siitaki kabisa. Lenzi hupinda mistari.

2. Fungua Georeferencer, chombo cha QGIS cha kuipachika picha mahali pake duniani, kisha ingiza picha.

3. Chagua mfumo sahihi. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Karatasi nyingi za 1:50,000 za Kenya zimefungwa kwenye datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, si WGS84 ya GPS. Ukiandika nambari za gridi kana kwamba ni WGS84, kila kitu kitakaa kaskazini kwa takriban mita 300, na magharibi kidogo. Vilima vitaonekana viko sawa, mradi usivikuze. Kisima kitakuwa kwenye boma la mtu mwingine.

Kisha kuna ikweta, inayopita Nanyuki. Karatasi za kusini ni EPSG:21037 (nambari ya kuchagulia mfumo kwenye QGIS), ambapo nambari ya gridi ya kaskazini kwenye ikweta ni mita 10,000,000. Za kaskazini ni EPSG:21097, ambapo ikweta ni 0. Usiunganishe karatasi mbili kabla ya kuangalia hilo. Na soma pembeni kwanza: matoleo ya awali yana gridi nyingine kabisa, isiyo UTM, gridi ya mita inayotumiwa na mifumo hii miwili. Pembeni ikisema tofauti na mimi, fuata pembeni.

4. Weka nukta za kuunganisha picha na nambari zake za gridi. Makutano ya gridi tu, angalau tisa, zikitawanyika hadi pembe zote. Kona za mto usiziguse, mto huhama. Kuza sana kabla ya kubofya: nusu milimita hapo ni mita 25 ardhini. Kwenye aina ya ugeuzaji, Polynomial 1 (husogeza, huzungusha na kunyoosha karatasi bila kupinda mistari) inatosha. Za juu hupinda karatasi ili kuficha kosa lako.

5. Weka ramani juu ya picha ya setilaiti, ifanye nyepesi ili picha ya chini ionekane, linganisha barabara na vilele.

Ukitafuta majina, jaribu tahajia za zamani: Ewaso Ng'iro huandikwa Uaso Nyiro. Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911, lakini majina yao ya maji na vilima yalibaki, na wachora ramani waliyaandika walivyoyasikia. Kijana alisoma jina la kisima kwa sauti mara tatu, kisha akampigia nyanya yake simu. Nyanya akalitamka vilevile.