Namna ya kuzimudu tabia za kale za amri za terminali

Anayehudumia kompyuta za skuli au ofisi, awe Wete au Mjini Unguja, hachelewi kukutana na amri zenye tabia zisizoeleweka. Nyingi ya tabia hizo ni maamuzi yaliyofaa kwa mashine za miaka ya 1970, ambayo hayakuondolewa kwa sababu kazi za watu wengi zilikwisha kuyategemea.

La wepesi ni kuganda kwa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Ukibonyeza Ctrl na S kwa mazoea ya kuhifadhi faili, maandishi husimama na unachoandika hakionekani. Usizime kompyuta: ishara hiyo ni ya enzi za teletaipu (mashine za kupiga chapa zilizotumiana maandishi kwa waya), ilipotumika kumsimamisha mtumaji aliyemzidi mpokeaji kasi. Bonyeza Ctrl na Q, na kazi itaendelea. Ukitaka kuiondoa moja kwa moja, weka `stty -ixon` ndani ya `.bashrc`, faili la mipangilio linalosomwa terminali inapofunguliwa.

Amri ya `tar`, inayofunga mafaili mengi kuwa faili moja, inataka uangalifu zaidi. Iliundwa kwa ajili ya kuhifadhi data kwenye tepu za sumaku, na ndiyo maana hadi leo unailazimisha kwa herufi `f` iandike kwenye faili unalolitaja. Tuseme unafunga folda la matokeo ya mtihani ili ulitume Unguja kutoka Pemba. Andika hivi:

`tar -czf matokeo.tar.gz matokeo`

Herufi `f` iwe ya mwisho, kwani chochote kinachoifuata huchukuliwa kuwa jina la faili. Ukiandika `-cfz`, utapata faili linaloitwa `z`, na amri italalamika kwamba `matokeo.tar.gz` halipo. Kibaya zaidi, ikiwa lipo faili la wiki iliyopita lenye jina hilohilo, hakutakuwa na lalamiko lolote, nawe utatuma matokeo ya zamani ukidhani ni mapya. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, tazama tarehe ya faili kwa `ls -l`, kisha yaliyomo kwa `tar -tvzf matokeo.tar.gz`. (Ajabu ni kwamba `cfz` bila kistari hufanya kazi vizuri, kwa kuwa huo ni mtindo wa zamani zaidi, nao pia haukuachwa.)

Kwa upande wa `make`, amri ya kujengea programu iliyotungwa na Stuart Feldman kwenye maabara ya Bell Labs mwaka 1976, maelekezo huandikwa ndani ya faili liitwalo Makefile, na humo kila mstari wa amri lazima uanze na kitufe cha Tab. Mwenyewe aliona mapema kwamba uamuzi huo una kasoro, lakini alikwisha kuwa na watumiaji wapatao dazeni moja na hakutaka kuwasumbua. Ukinakili Makefile kutoka kwenye ujumbe wa simu, mara nyingi Tab hugeuka nafasi za kawaida, na `make` hukataa ikisema `missing separator`. Kwenye Linux, endesha `cat -A Makefile`: mstari wa amri ulio sahihi utaanza na `^I`, na usioanza hivyo ufute nafasi zake uweke Tab. Tangu toleo la 3.82 la GNU Make (`make` inayotumika sana kwenye Linux) unaweza kuchagua alama nyingine kwa `.RECIPEPREFIX`, ila mimi sishauri, kwani atakayeirithi kazi yako atakuwa ameizoea Tab.