Korongo la Samaria, Krete: ulizia feri kwanza

Korongo hili hufunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba. Anza alfajiri pale Xyloskalo, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Ni kilomita 16 kwa miguu mpaka Agia Roumeli, kijiji cha pwani njia inakoishia. Mteremko wa mwanzo ndio unaomaliza magoti, na vidole vya miguu hugonga ncha ya kiatu, kwa hiyo kaza kamba vizuri. Makubadhi yaache hotelini. Chupa moja ya maji yatosha, utajaza kwenye chemchemi njiani. Utapita kijiji cha Samaria, ambacho wakazi wake walihamishwa 1962 eneo lilipofanywa hifadhi, kisha kuta zinabana hadi mita 4 hivi. Kipande cha mwisho ni jua tupu. Agia Roumeli haina barabara: ukikosa feri, unalala huko.