Jinsi ya kumwambia mtu "penye nia pana njia" na ikamsaidia kweli

Hii methali tumeikariri toka shule ya msingi, ukisema tu "penye nia" darasa zima linamalizia "pana njia". Waingereza nao wanayo, na historia yake inafundisha namna ya kuitumia. Mkusanyiko wa methali wa mchungaji na mshairi George Herbert, uliotoka 1640 miaka 7 baada ya yeye kufariki, unasema mwenye kutaka njia hazimkosi. Halafu Februari 1822 mwandishi William Hazlitt akaanza nayo makala yake ya pambano la ngumi, kwa maneno yale yale wanayosema mpaka leo, na cheki alikuwa anamwambia nani: anajiambia mwenyewe, yuko anatembea London anaulizia pambano litapigwa wapi! Gari la farasi la usiku likamuacha, hakurudi nyumbani, akapanda la kwenda Brentford akaunganisha mbele kwa mbele kama mtu wa Mbagala aliyekosa gari la moja kwa moja, na Hungerford, pambano lilikopigwa, akafika akaliona.

Kwahiyo anza kujiambia wewe. Ukishasema, hapo hapo taja kitu kimoja utakachofanya leo, sio wiki ijayo, mfano kumpigia fulani au kwenda kuulizia bei Kariakoo, maana nia isiyo na kitu cha kufanya leo inapoa haraka sana.

Kumwambia mtu mwingine ndo kuna kazi. Dogo matokeo ya form four yamemkataa, kajifungia ndani, wewe unamtupia "penye nia pana njia mdogo wangu" unaondoka, hapo umemuumiza zaidi, anasikia kama unamwambia hakuwa na nia. Jamani tusifanye hivi. Kaa nae kwanza, sikiliza, muulize mwenyewe anataka nini, halafu mpe njia yenyewe: anaweza kuriseti kama mtahiniwa wa kujitegemea, anaweza kwenda chuo cha VETA Chang'ombe kuulizia kozi za ufundi, na kama shida ni nauli mpe nauli. Methali iweke mwisho, ukiwa ushamuonyesha pa kupita, ataipokea vizuri.

Msibani na hospitali usiiseme kabisa. Sema pole, kaa, saidia kuchota maji.

Kwenye barua ya kuomba kazi usianze nayo, andika ulichofanya, kwamba ulikuwa unauza duka mchana na kusoma usiku, mwajiri ataiona nia bila kuitaja.

Kwa meseji mimi ningeandika hivi: "Mdogo wangu nimeulizia, fomu zipo, Jumatatu saa mbili nakupitia twende wote, beba cheti cha kuzaliwa na picha ndogo. Penye nia pana njia." Na Jumatatu hiyo nenda kweli, hata kama mvua inanyesha na foleni imefunga.