Ukienda kumsalimia bibi Ujiji, mpelekee picha iliyosafishwa

Picha za kwenye simu wazee wetu huziona mara moja tu, kisha simu inarudi mfukoni. Kabla hujaenda Ujiji au Kibirizi kusalimia, pitia studio pale Mwanga, mjini Kigoma, usafishe hata moja, inchi 4 kwa 6 inatosha. Ukimtumia fundi kwa WhatsApp, itume kama faili. Ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na sura zinaweza kutoka na ukungu. Nyuma andika majina na mwaka kwa penseli laini, maana wino unaweza kupenya upande wa pili. Chagua ile ambayo bibi mwenyewe yumo, amezungukwa na wajukuu. Hiyo ataionyesha kila jirani anayepita, na kwa kweli nimeona inawafurahisha kuliko hata kitenge kipya.